Kumi na Nane na Nusu

Pale Tukuyu, mtu akitaka suti imkae mwilini hakuwa na haja ya kupoteza nauli kwenda Mbeya. Alipanda ngazi za baraza la maduka nyuma ya soko, akaipita meza ya Abubakary fundi saa, akamkuta Geresoni ameinamia cherehani, futi likimning'inia shingoni. Futi hilo alilivua wakati wa kulala na wakati wa ibada tu. Watu walimwita Fundi Kipimo, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilobatizwa nalo. "Nguo inaweza kuharibiwa na pasi," alikuwa akiwaambia wateja, "inaweza kuharibiwa na mwenye nguo akizidisha ubwabwa. Kipimo changu hakijawahi kuiharibu." Na kweli, kwa miaka thelathini hakuna aliyemrudishia koti.

Kwa hiyo aliyoyafanya mwaka wa harusi ya Abrahamu hayakuwa bahati mbaya. Mtu asijidanganye. Fundi wa aina ile hakosei kwa sentimita tatu.

Wivu ulianzia kwenye simu. Kila Jumapili baada ya ibada, Abrahamu alipiga simu ya video kutoka Ujerumani, alikokuwa akifanya kazi ya uuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Alianza na Geresoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Huko baridi?"

"Ya kwetu Tukuyu cha mtoto, baba. Mama hajambo?"

"Hajambo, yuko jikoni na mbalaga yake. Ndizi zinachemka tunasikia huku."

"Mzee yupo? Nipe nimsalimie."

Hapo ndipo roho ya Geresoni ilipoanza kumsokota. Mzee huyo alikuwa Ambwene, kaka yake wa tumbo moja, na ndiye aliyemzaa Abrahamu. Ambwene alikuwa na kitochi kisichoonyesha picha, na akipewa simu ya Geresoni aliishika vibaya, mtoto akaishia kuona pua na dari. Basi Geresoni alilazimika kumshikia. Alisimama pembeni, mkono ameunyoosha, mwenyewe yuko nje ya picha, huku baba na mwana wakicheka. Salamu zake yeye zilikwisha kwa dakika tatu. Za Ambwene zilimtia ganzi mpaka begani.

"Gwe Geresoni, inua kidogo," Ambwene alikuwa akisema. "Mtoto anaona kidevu tu."

Na Geresoni aliinua.

Nani alimlea mtoto huyo? Kijiji chao kizima cha Lufingo kilijua. Mama yake alifariki Abrahamu akiwa na miaka sita, na wakati huo Ambwene alikuwa Chunya kwenye machimbo, akifukuzana na dhahabu isiyomsubiri. Geresoni na mkewe Atupakisye, ambao Mungu hakuwajalia mtoto, walimchukua. Alijifunza kusoma namba kwenye futi la Geresoni, chini ya meza ya kukatia, kabla mwalimu hajamwonyesha ubao. Ada ya chuo cha uuguzi ilitoka kwenye nusu ekari ya chai kule Suma, ambayo Geresoni aliiuza na hakurudi hata kuitazama. Mtoto alimwita baba. Ambwene, aliyekuja Krismasi moja na kukosa tatu, alimwita mzee. Siku ya kuondoka kwenda Ulaya, pale stendi, kijana alimshika Geresoni mkono akamwambia, "Baba, siku ya harusi yangu, kwenye utambulisho, watu wote watajua baba yangu ni nani."

Maneno hayo Geresoni aliishi nayo miaka minne. Alikwisha kuiona siku yenyewe: kijana anapewa kipaza sauti, ukumbi unanyamaza, jina lake linatajwa. Halafu Ambwene akarudi kutoka Chunya na begi moja na kikohozi, akapewa chumba cha uani, akaokoka, akaingia kwaya. Watu wakampenda upya, kama ilivyo kawaida yao kumpenda aliyepotea kuliko aliyebaki nyumbani akifanya kazi.

*

Harusi ilipangwa mwezi wa kumi na mbili, Abrahamu akija likizo kumwoa Tulia, mwalimu wa shule ya msingi pale Ikuti. Kadi zilitoka mapema. Mwenyekiti wa kamati, Mama Agness wa kanisani, alimpelekea Geresoni ya kwake hadi dukani. Geresoni alijifuta mikono, akavaa miwani, akasoma: *Familia ya Bw. Ambwene Mwasomola wa Lufingo inayo furaha kukualika...*

Aliisoma mpaka chini. Akarudi juu.

"Na mimi?" aliuliza, akijifanya anatania.

"Upo, fundi! Geuza nyuma."

Aligeuza. Jina lake lilikuwa nyuma, kwa maandishi madogo, la pili katika orodha ya namba za simu za kupokea michango.

"Kadi huandikwa baba mzazi," Mama Agness alisema haraka. "Ndiyo utaratibu. Lakini kila mtu anajua kazi uliyoifanya."

"Ni sawa kabisa," alisema Geresoni, kwa sauti ya mtu aliyekwamwa na mfupa.

Alasiri hiyohiyo, kadi ikiwa bado mezani kati ya makasi na chaki, ujumbe wa Abrahamu uliingia.

*Shikamoo baba. Nina siri, usimwambie mtu. Nataka kumletea mzee saa ya Kijerumani, zile za kuvaa na suti, aivae siku ya harusi. Muuzaji anasema saa hizi mtu hupimiwa kama koti. Naomba unipimie kifundo cha mkono wake wa kushoto, kwa sentimita. Wewe ndiye fundi, nitafuata neno lako.*

Geresoni aliweka simu chini, akaichukua tena. Saa! Ya Kijerumani! Ya kuvaliwa mbele za watu! Alisahau kwamba cherehani ya umeme aliyoegemea ilitoka kwa Abrahamu, na sweta alilovaa pia. Wivu hauna kumbukumbu. Kilichomjia akilini ni kiatu cha shule alichokuwa akikishona kila muhula ili mtoto asitembee vidole nje, na mtu ambaye leo angevalishwa saa kwa sababu tu ya kurudi.

Alitoka, akaketi kwenye kigoda mbele ya Abubakary.

"Ndugu yangu, saa ya suti inachaguliwaje? Ya Kijerumani."

Abubakary aliondoa lenzi jichoni. Alikuwa mtu wa utani, lakini saa hakuzifanyia utani. "Ya nani?"

"Mteja."

"Mteja wa Tukuyu hii? Mwambie namwamkia." Alifungua droo, akatoa saa mbili mbovu, kubwa na ndogo, akazilaza juu ya kitambaa. "Sikiliza. Vijana wanapenda saa kama kifuniko cha sufuria. Hiyo ni ya kuendea mpira. Saa ya suti ina adabu. Ni nyembamba, haina mambo mengi usoni. Unanyoosha mkono, inachungulia kwenye shati. Unarudisha, inaingia ndani. Sasa ukubwa unategemea kifundo cha mkono. Mwenye sentimita kumi na tano, kumi na sita hivi, mpe uso wa milimita thelathini na sita. Kumi na saba, thelathini na nane inamkaa. Lete mkono wako." Aliukamata, akaugeuza. "Mkono kama huu, mpana juu, arobaini bila wasiwasi."

"Na mwembamba akivaa arobaini?"

"Angalia haya masikio ya saa, huku mkanda unakoshika. Yakitoka nje ya ukingo wa mkono, kila mtu anajua umeazima. Unakuwa mtoto ndani ya viatu vya baba yake."

"Si inapunguzwa?"

"Mkanda nitautoboa tundu jingine, dakika moja tu. Uso wa saa haupunguzwi, ndugu yangu. Hata Mjerumani mwenyewe hawezi." Akarudisha lenzi jichoni. "Hizo zinaanzia milioni na kupanda. Mwambie mteja wako asibahatishe."

Geresoni alirudi kwenye cherehani. Alikunja mkono wa sweta, akautazama mkono wake wa kushoto kwa muda mrefu. Arobaini bila wasiwasi.

*

Ambwene alikuja siku ya pili kupimwa suti. Mvua ilikuwa imemkuta njiani, na koti lake la zamani lilinuka moshi wa jikoni. Alisimama wima katikati ya duka kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha.

"Usinikamue sana, fundi," alisema akicheka. "Nikikohoa nitapasua mgongo wa koti."

Geresoni alipima mabega, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Mwili ulikuwa umebaki fremu. Mwishoni akasema, "Lete mkono wa kushoto."

"Si umeshaupima?"

"Wa shati. Hapa mwisho, penye kifungo."

Aligeuza futi upande wa sentimita, akalizungusha. Kumi na tano na nusu. Mfupa wa kifundo ulisimama peke yake, na juu yake palikuwa na kovu la kamba za kuvutia ndoo za mawe. Geresoni aliushika mkono huo kwa muda mrefu kidogo kuliko kazi ilivyohitaji. Alikumbuka mkono huohuo ukimvusha mto wakati wa masika, yeye akiwa darasa la kwanza. Huruma ilimwingia, na huenda mambo yangeishia pale. Lakini Ambwene akafungua kinywa.

"Mdogo wangu, unajua Abrahamu kaniambia nini Jumapili ulipoenda kupokea wageni? Ananiletea zawadi. Hakusema ni nini. Mimi! Mimi niliyeshindwa kumnunulia hata daftari." Macho yalimlowa. "Damu nzito kuliko maji, Geresoni. Nilikuwa nasikia tu watu wakisema. Sasa nimeamini."

Geresoni aliachia mkono.

"Umekwisha," alisema. "Njoo Ijumaa ujaribu."

Ambwene alipoondoka, fundi alifungua kitabu chake cha vipimo akaandika *kifundo, 15.5*, kwa sababu katika kitabu kile hakuwahi kuandika uongo na mkono ulikataa kuanza. Kisha akachukua simu. Simu haikuwa kitabu. Aliandika: *Kumi na nane na nusu.*

Jibu halikukawia. *Una uhakika, baba? Niko dukani naagiza. 18.5?*

Hapo Mungu alimpa nafasi, na nafasi hiyo ilikuwa pana. Angeweza kusema macho yamezeeka. Angeweza kusema atapima tena. Aliwaza kwamba saa ikimkataa Ambwene haitarudishwa Ulaya. Itatafuta mkono mwingine, na mkono huo uko nyumba hiyohiyo.

*Mimi ni fundi,* aliandika. *Mifupa yake ni mipana, kwenye picha haionekani.*

Safari hii jibu lilichelewa. Geresoni alishona pindo zima la suruali huku jicho liko kwenye simu. Hatimaye ikaja: *Sawa baba. Nakuamini. Kesho nitaenda kulipia.*

*

Atupakisye ndiye aliyekuwa akipiga vifungo vya makoti, jioni, kwenye benchi la jikoni. Jioni ile alihitaji urefu wa suruali ya Ambwene, akafungua kitabu. Baadaye akachukua simu amtumie Abrahamu salamu, kama alivyozoea, na simu ikafunguka pale mumewe alipoishia. Geresoni alipoingia kutoka kuoga alikuta mkewe ameweka kitabu upande mmoja na simu upande mwingine, katikati sahani ya kande.

"Kitabu kinasema kumi na tano na nusu," alisema Atupakisye. "Simu inasema kumi na nane na nusu. Kipi kinadanganya?"

"Umeanza lini kupekua simu yangu?"

"Yetu. Mkono wako wewe una ngapi, baba Abrahamu?"

Geresoni aliketi, akavuta sahani, hakula.

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," mkewe alisema. "Mwandikie sasa hivi. Hajalipa. Mwambie futi lilijikunja."

"Futi langu halijikunji."

"Basi mwambie ni roho iliyojikunja."

"Atupakisye!" Aliisukuma sahani. "Miaka miwili nashika simu mkono unakufa ganzi, yeye anacheka. Kadi ni yake. Meza ya mbele ni yake. Suti namshonea mimi, kwa kitambaa changu. Sasa na saa iwe yake? Nani alimbeba mtoto yule mgongoni na degedege mpaka hospitali, mvua inanyesha? Yeye amerudi tu, ametambuliwa. Mimi nimetambuliwa kwa lipi?"

"Kwa kuitwa baba. Kila siku, bila kuomba. Hicho Ambwene hana."

"Saa anayo."

Atupakisye alimtazama kana kwamba anatafuta mahali pa kuanzia kufumua. "Mimi sitamwambia mtoto," alisema. "Ukimwambia wewe, utakuwa umetubu. Nikimwambia mimi, utakuwa umekamatwa. Chagua mwenyewe, usiku haujaisha wala kesho haijaisha."

Asubuhi Geresoni aliandika, *Mwanangu, kuhusu kile kipimo.* Akafuta. Mchana akaandika tena, akafuta. Saa kumi ujumbe ukaingia: *Nimelipa baba. Asante kwa msaada wako.* Alijiambia kwamba sasa jambo limekwisha kuwa kubwa kuliko yeye, na akajisikia nafuu, nafuu ya mtu aliyekosa basi alilokuwa hataki kulipanda.

*

Abrahamu aliwasili siku tano kabla ya harusi, amenenepa mashavu, na Kinyakyusa chake bado kiko palepale. "Ndaga fijo, mama," alishukuru akipokea maji ya kunawa, na Atupakisye akalia hapohapo mbele ya wageni. Walikula mbalaga yenye nyama mpaka sufuria ikaonekana chini. Tulia alikuwepo na shangazi yake, Mama Agness alikuwepo na daftari lake la kamati, na Ambwene alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mikono alichosukumiwa na watu, akikipapasa kama mtu anayeogopa kukichafua.

Abrahamu alitoa kwenye begi visanduku viwili vyeusi vilivyofanana.

Geresoni aliona viwili, na jasho likamtoka chini ya sweta.

"Mzee, hii ni yako," kijana alisema, akapiga goti. Ambwene alifungua kisanduku kwa ncha za vidole. Saa ilikuwa na uso mweupe usio na mambo mengi, mishale miwili myembamba ya buluu, mkanda mweusi wa ngozi. Mgongoni palikuwa na kioo, ukiigeuza unaona vigurudumu vinavyohangaika. Wanawake walipiga vigelegele. "Haitumii betri," Abrahamu alieleza. "Unaitia ufunguo kila asubuhi. Lete mkono."

Alimvalisha mwenyewe. Alifunga tundu la kwanza, la pili, akafika la mwisho. Ambwene alipoinua mkono kuwaonyesha watu, saa iliteleza, ikazunguka, ikaangukia upande wa ndani wa mkono. Aliirudisha. Uso wake ulifunika kifundo chote na masikio yake yakatoka nje pande mbili. Shangazi wa Tulia alikohoa kidogo, akatazama dirishani.

Ambwene alicheka wa kwanza, ili wengine wasipate shida.

"Saa ni nzuri, mwanangu. Mkono ndio mbaya," alisema. "Nisamehe. Umeona ulivyo? Machimbo yameula. Nitakunywa uji, nitanenepa mpaka Jumamosi."

Abrahamu hakucheka. Alikuwa bado amepiga goti, ameushika mkono wa baba yake. Kisha akainuka, akamwendea Geresoni, akamvua futi shingoni taratibu, kwa heshima, kama mtu anayemsaidia mzazi kuvua koti. Alirudi kwa Ambwene, akalizungusha, akasoma. Hakutamka namba. Alilikunja futi, akaliweka mezani.

"Na ile nyingine?" Mama Agness aliuliza kwa furaha yake yote. "Ya nani?"

Kijana alikuwa ameandaa maneno. Ilionekana kwa jinsi alivyoyatafuta na kuyakuta yamebadilika ladha. "Ya huyu," alisema akimgeukia Geresoni. "Hii sikumwuliza mtu kipimo. Nilikuwa nakijua. Nikiwa darasa la pili nilikuwa nazungusha futi kwenye mkono wake, nasoma namba kwa sauti, wateja wananipa pipi. Kumi na nane na nusu."

Tulia alitazama kisanduku kimoja, akatazama kingine, akashusha macho. Atupakisye alianza kukusanya sahani ambazo zilikuwa bado na chakula.

Geresoni alivalishwa. Saa ilikaa katikati ya mkono, masikio yakalala ndani ya ukingo, mkanda ukafunga tundu la katikati. Hata Abubakary asingepata la kusema. Vigelegele vikapigwa tena, na Ambwene alipiga makofi kuliko wote. "Tazameni!" alisema. "Utadhani amezaliwa nayo."

Baadaye, uani, Geresoni alimfuata kijana penye pipa la maji.

"Mwanangu..."

"Nilipoiona ile namba kwenye simu niliitambua," Abrahamu alisema, akinawa mikono ambayo ilikuwa safi. "Nikajiambia, ni ndugu wa tumbo moja, huenda mikono yao inalingana. Nikakuuliza mara ya pili, nisije nikakuwazia vibaya."

"Nitaipeleka kwa Abubakary. Mkanda utatobolewa."

"Na uso?"

Maji yalikuwa yakitiririka kutoka kwenye bomba la pipa, na kijana akalifunga.

"Usimwambie mzee," alisema. "Anaamini ni mkono wake."

*

Ijumaa, kesho yake harusi, Ambwene alipanda ngazi za baraza na suti begani. Abubakary alikuwa amekwisha kutoboa mkanda matundu mawili. Saa haikuteleza tena, lakini bado ilikaa kama sahani juu ya kikombe.

"Fundi, nina ombi," Ambwene alisema kwa sauti ya chini, akigeuza mgongo kwa wateja. "Mtoto katoa hela nyingi. Nisipoivaa nitamuumiza. Nikiivaa watu watacheka, watasema hajui kumnunulia baba yake. Huwezi kuniongezea mkono wa koti ukaifunika? Inchi moja tu."

"Ukiifunika, nani ataiona?"

"Yeye anajua iko pale. Inatosha."

Geresoni huacha akiba ya kitambaa ndani ya kila pindo. Ndiyo kazi ya fundi mzuri. Aliketi, akafumua mkono wa kushoto, akateremsha inchi moja, akapiga pasi, akashona upya. Ili mikono ilingane akafumua na wa kulia. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka thelathini kuharibu kwa makusudi koti alilolishona vizuri, na machozi yalimwangukia kwenye kitambaa, akayakausha kwa pasi. Ambwene, aliyekaa kwenye kigoda akisubiri, alidhani ni mafua ya msimu, akamshauri anywe tangawizi.

Ukumbini, Jumamosi, mambo yalikwenda kama ilivyopangwa. Keki ilikatwa, Ambwene alikaa meza ya mbele, mikono ya koti ikimfika penye vidole. Geresoni alikaa meza ya pili na saa yake mkononi. Shati lilikuwa limepimwa sawasawa. Kila aliponyoosha mkono kuchukua soda, saa ilichungulia kwa adabu. Watu watatu walikuwa wamekwisha kumsifia. Kila sifa ilimchoma.

MC akatangaza utambulisho. Abrahamu alipokea kipaza sauti, na ukumbi ukanyamaza, vilevile kama Geresoni alivyoiona siku hiyo kwa miaka minne.

"Ndugu wageni," kijana alisema, "niwatambulishe kwa wazazi wangu. Huyu ni mama yangu, Atupakisye. Mama, simama wakuone." Vigelegele vilichukua muda kutulia. "Huyu ni baba yangu, Ambwene." Ambwene alisimama, akainua mkono wa kulia, wa kushoto akauficha nyuma.

Kisha Abrahamu akageukia meza ya pili. Alimtazama Geresoni bila hasira. Afadhali ingekuwa hasira.

"Na huyu," alisema, "ni baba mdogo. Ndiye aliyeshona suti zote mnazoziona."

Watu walipiga makofi. Hakuna aliyeona kosa, kwa sababu hapakuwa na kosa: mdogo wa baba ni baba mdogo, kila mtoto anajua. Mama Agness alimgonga begani, "Simama, fundi, unaitwa!" Geresoni akasimama. Akapunga mkono wa kushoto, na saa ikachungulia penye ukingo wa shati, imemkaa barabara.